Kijiti cha kupimia mkojo: kinachoona na kisichoona katika ugonjwa sugu wa figo vijijini

Kijiti cha kupimia mkojo chenye vibandiko kumi ndicho kifaa cha kwanza, na mara nyingi cha pekee, kinachotumiwa kuwatafuta wagonjwa wa figo katika zahanati za vijijini na katika kampeni za upimaji wa jamii. Nimekitumia kwa muda mrefu katika kazi hiyo, nikibadilisha watengenezaji kulingana na kilichopatikana, na tathmini hii inahusu kifaa chenyewe kwa jumla bila kuchagua chapa. Ninachotaka kujibu ni iwapo kinafaa kutafutia ugonjwa sugu wa figo katika jamii za wakulima, ambako chanzo cha ugonjwa huo huweza kuwa mazingira, au jeni za kurithi, au vyote viwili vikisaidiana. Kwa maoni yangu kinafaa kwa sehemu moja ya kazi hiyo, tena kinafaa sana, lakini hatari yake inaanza pale kinapoaminiwa kwa kazi yote.

Kwa urahisi wa matumizi sina budi kukipa sifa kamili. Kilibuniwa na kizazi cha wanakemia wa katikati ya karne ya 20, hasa Helen Free na mumewe Alfred Free wa Miles Laboratories huko Elkhart, Indiana, ambao mwaka 1956 waliwezesha sukari katika mkojo kupimwa kwa kuchovya na kusoma, na utaratibu huo haujabadilika hadi leo. Kijiti huchovywa katika mkojo ambao haujakaa, hutolewa mara moja, ukingo wake huburutwa kwenye mdomo wa kikopo ili matone ya ziada yabaki humo, kisha hushikwa kikiwa kimelala, kwa sababu kikisimamishwa kemikali za kibandiko kimoja hutiririkia kingine. Kibandiko cha protini husomwa baada ya sekunde 60 na cha chembe nyeupe za damu baada ya dakika 2. Manjano maana yake protini haikuonekana. Kijani hafifu ni dalili ndogo. Na kadiri kijani kinavyokolea kuelekea samawati ndivyo protini inavyozidi. Alama ya 1+ hukadiriwa kuwa miligramu 30 katika desilita moja ya mkojo, 2+ ni kama 100, na 3+ ni kama 300. Hakihitaji umeme wala sindano, na mtu anayepimwa huiona rangi kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo kwa uzoefu wangu humfanya ayaamini majibu kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Angalizo dogo kwa wanaopimia nje: rangi isomwe kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kwa kuwa jua kali la mchana hufuta tofauti kati ya manjano na kijani hafifu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani aitwe tena.

Kuhusu uimara, kasoro zake nyingi hutokana na uhifadhi. Kichupa hakitakiwi kukaa mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi, na kifuko cha kufyonza unyevu kilichomo ndani hakipaswi kutolewa, maana kichupa kilichoachwa wazi wakati wa mvua huharibika kimyakimya. Dalili rahisi ya kuharibika ni vibandiko vilivyobadilika rangi kabla ya kuchovywa. Nakataa kabisa mazoea ya kukata vijiti kwa urefu ili kimoja kitumike kwa watu wawili. Kibandiko chembamba husomeka vibaya, kingo zake hubomoka, na kinachookolewa ni kidogo mno ukilinganisha na kosa la kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Ili kukitendea haki kifaa hiki, na kuona pia kinapoishia, inafaa kujua kibandiko cha protini kinafanyaje kazi. Kimelowekwa rangi iitwayo tetrabromofenoli ya samawati ndani ya asidi, na katika hali hiyo rangi hiyo huonekana manjano. Albumini, ambayo ndiyo protini kubwa ya damu, huikamata rangi hiyo na kuigeuza kijani ijapokuwa kiwango cha asidi hakijabadilika. Protini nyingine, hasa zile ndogondogo, huikamata kwa udhaifu sana. Kwa hiyo kibandiko kinachoitwa cha protini kwa kweli ni kibandiko cha albumini. Figo nayo ina takriban nefroni milioni moja, yaani vitengo vidogo vya kusafisha damu, na kila nefroni ina sehemu mbili kuu: kichujio, yaani kifundo cha mishipa myembamba ya damu kinachozuia albumini isipite, na mrija mrefu unaofuata, ambao kazi yake ni kurudisha mwilini maji, chumvi, sukari na zile protini ndogo zilizopenya. Kichujio kikijeruhiwa, albumini humwagika na kijiti huona. Mrija ukijeruhiwa, albumini inayopotea huwa kidogo au haipo kabisa, na kijiti hubaki manjano.

Tofauti hiyo kati ya kichujio na mrija ndiyo inayoamua thamani ya kifaa hiki kijijini, kuliko hata tofauti kati ya ugonjwa wa kurithi na ugonjwa wa mazingira.

Nianze na upande ambao kinafanya vizuri. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba aina mbili za jeni ya APOL1 iliyoko kwenye kromosomu ya 22, zinazoitwa G1 na G2, zinaeleza sehemu kubwa ya hatari ya ziada ya magonjwa ya figo yasiyotokana na kisukari kwa watu wenye asili ya Afrika. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo huzunguka katika damu na kuua vimelea vya malale. Vimelea vya aina ya Trypanosoma brucei rhodesiense vilipata njia ya kuikwepa, na G1 na G2 ziliurudisha uwezo huo, ndiyo sababu inayodhaniwa kuzifanya zienee, zaidi Afrika Magharibi. Aliyerithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, yuko katika hatari kubwa zaidi, na utafiti mkubwa wa Ghana na Nigeria uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba hata nakala moja huongeza hatari kwa kiasi fulani. Hata hivyo wengi wenye nakala mbili huishi bila ugonjwa wowote wa figo, jambo linaloashiria kwamba jeni husubiri kichocheo kingine, na kichocheo kinachojulikana vizuri zaidi ni virusi vya UKIMWI visivyotibiwa.

Kwa kuwa jeraha la APOL1 huwa kwenye seli za kichujio, albumini huanza kumwagika mapema, mara nyingi kabla mgonjwa hajahisi lolote, na hapa kijiti ni kifaa bora kwa gharama yake ndogo. Kibandiko cha kijani kilichokolea kwa kijana asiye na kisukari, kikirudia hivyohivyo wiki kadhaa baadaye, ni taarifa nzito. Tena ni taarifa yenye matumizi: dawa za shinikizo la damu zinazopunguza protini katika mkojo zinapatikana, na mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mdogo wa dawa ya inaxaplin, iliyotengenezwa kuizuia protini ya APOL1 yenyewe, ambapo protini katika mkojo wa wagonjwa ilipungua kwa takriban asilimia 47 baada ya wiki 13. Mgonjwa atakayefaidika na dawa za namna hiyo lazima kwanza apatikane, na kijijini atapatikana kwa kijiti.

Upande wa pili ndio unaonifanya niandike kwa urefu. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliripoti kundi la wagonjwa waliofika hospitali figo zao zikiwa zimekwisha, wengi wao wanaume walio katika umri wa kufanya kazi, wakulima na vibarua wa nyanda za chini za pwani, ambao hawakuwa na kisukari wala historia ya shinikizo la damu. Hali hiyohiyo imeonekana kando ya Pasifiki katika Amerika ya Kati, hasa kwa wakata miwa, na mji wa Chichigalpa nchini Nicaragua umejulikana duniani kwa sababu hiyo. Imeonekana pia kwa wakulima wa mpunga wa Mkoa wa Kaskazini Kati wa Sri Lanka tangu miaka ya 1990, na katika eneo la Uddanam huko Andhra Pradesh, India. Mwaka 2013 nchi wanachama wa shirika la afya la bara la Amerika zilipitisha azimio la kuutambua ugonjwa huu kama tatizo kubwa la afya ya umma katika jamii za wakulima.

Chanzo chake bado kinabishaniwa, na kila eneo lina washukiwa wake. Amerika ya Kati ushahidi unaelemea joto: mtu anayekata miwa juani kwa saa nyingi hupoteza maji mengi, misuli yake huvunjika kidogokidogo na kumwaga vitu vyake katika damu, asidi ya yuriki hupanda, na figo huumia leo, hupona nusu, kisha huumia tena kesho. Sri Lanka washukiwa ni wengine, yakiwemo maji magumu ya visima yenye floridi na viuatilifu vya mashambani. Serikali ya huko ilifikia hatua ya kupiga marufuku kiuagugu cha glaifoseti mwaka 2015 na baadaye kuilegeza marufuku hiyo. Dawa za maumivu zinazonunuliwa bila ushauri huongeza mzigo popote pale. Binafsi naona hoja ya joto ni nzito kuliko nyingine kwa wakata miwa, lakini sidhani kwamba inatosha kueleza kila eneo, na anayedai kwamba chanzo ni kimoja duniani kote anawajibika kueleza kwa nini wakulima wa mpunga na wakata miwa wanaugua kwa namna inayofanana ilhali kazi zao hazifanani.

Kwa tathmini ya kijiti, hata hivyo, jambo muhimu halimo katika mabishano hayo. Sampuli za figo zilizochukuliwa kwa wagonjwa hawa na kutazamwa kwa hadubini zinaonyesha mirija iliyosinyaa na makovu katikati yake, pamoja na vichujio vilivyofungika. Protini katika mkojo wao huwa kidogo, na kwa wengi haionekani kabisa. Fikiria maana yake siku ya upimaji: kibarua wa miaka 30 anachovyewa kijiti, kibandiko kinabaki manjano safi kama kilivyotoka kichupani, anaandikiwa kwamba hana tatizo, anarudi shambani, ilhali damu yake ingepimwa kreatinini, yaani taka ya misuli inayoondolewa na figo, siku hiyohiyo ingeonyesha kwamba nusu ya uwezo wa figo zake umekwisha kupotea. Kijiti hapo hakikukosea katika kemia yake. Kiliulizwa swali lisilo lake. Lakini madhara kwa kibarua huyo ni yaleyale, na pengine ni makubwa kuliko kama asingepimwa, kwa sababu sasa ana karatasi inayomwondolea wasiwasi.

Sumu nyingine za mazingira zinazojulikana zinafuata njia hiyohiyo ya mrija. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama nchini Japani, kadimi kutoka mgodini iliingia katika maji ya mashamba ya mpunga na kusababisha ugonjwa wa itai-itai, uliotambuliwa rasmi na serikali mwaka 1968. Jeraha lake la awali kwenye figo huonekana kwa kupotea kwa protini ndogo iitwayo beta-2 mikroglobulini, ambayo kijiti hakiioni. Vijijini kando ya matawi ya mto Danube katika nchi za Balkani, ugonjwa wa figo uliojulikana tangu miaka ya 1950 ulikuja kuhusishwa na mbegu za magugu ya Aristolochia clematitis zilizochanganyika na ngano shambani, na asidi ya mmea huo huharibu mirija na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Wagonjwa wa Balkani nao walikuwa na protini kidogo tu katika mkojo kwa miaka mingi kabla ya figo kushindwa. Ugonjwa huo unafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine pia: kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa kurithi kwa vile ulishika familia fulani, na kumbe familia hizo zilikuwa zikila unga wa shamba moja.

Hilo lina upande wake wa kinyume, na upimaji wa vijijini unapaswa kuwa macho nao. Ugonjwa wa kurithi unaweza kudhaniwa kuwa ni wa maji au wa sumu kwa sababu unawashika wengi katika kijiji kimoja, ilhali wanakijiji hao ni ndugu. Mabadiliko katika jeni ya UMOD au ya MUC1 husababisha ugonjwa wa mirija unaopita kutoka kwa mzazi mmoja, kila mtoto akiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Mkojo wa wagonjwa hao huwa hauna kitu. Dalili inayoweza kutangulia kwa wenye mabadiliko ya UMOD ni jongo katika umri mdogo. Badiliko la MUC1 limejificha ndani ya sehemu ya jeni inayojirudiarudia, kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya kusoma jeni huliruka. Kwa magonjwa haya kijiti hakina msaada wowote, na swali la historia ya familia, lililoulizwa kwa utulivu na kuandikwa vizuri, lina thamani kubwa kuliko vibandiko vyote kumi. Ugonjwa wa vifuko vya maji katika figo nao huonekana kwa altrasaundi mapema zaidi kuliko kwa kijiti.

Kwa haki, vibandiko vingine vina msaada ambao wapimaji wengi hawautumii, kwa kuwa macho yao yote yako kwenye protini. Sukari katika mkojo wa mtu ambaye sukari ya damu yake ni ya kawaida, na ambaye hatumii dawa za kisukari za kundi la dapagliflozin, ni ishara kwamba mrija umeshindwa kuirudisha. Hili ni dirisha dogo la kuuona mrija, na limo ndani ya kijiti kilekile. Kibandiko cha damu hugeuka pia kwa myoglobini inayotoka katika misuli, kwa hiyo kikigeuka kwa mtu aliyetoka kufanya kazi nzito juani na hadubini isione chembe nyekundu, misuli ndiyo ishukiwe kwanza. Kibandiko cha uzito wa mkojo husaidia kuisoma protini yenyewe, kwa sababu 1+ katika mkojo mzito wa mtu mwenye kiu inaweza isiwe na maana, na manjano katika mkojo mwepesi wa aliyekunywa maji mengi inaweza kuficha kitu. Chembe nyeupe za damu nazo zisomwe kwa uangalifu: wafanyakazi wa mashamba ya miwa mara nyingi hulalamika maumivu wakati wa kukojoa, kibandiko hicho hugeuka, wanapewa antibayotiki na dawa za maumivu kana kwamba ni maambukizi, ilhali mkojo wao ukioteshwa maabara mara nyingi hauoti bakteria. Dawa hizo zenyewe zinaweza kuidhuru figo iliyokwisha kuumia.

Kwa hiyo ninakipendekeza kijiti, lakini kiende sambamba na kipimo cha kreatinini katika damu, na anayepanga bajeti ya upimaji wa kijiji asikubali kukinunua peke yake. Mashine ndogo zinazopima kreatinini kwa tone la damu ya kidole zipo, na pale zisipopatikana sampuli zinaweza kupelekwa maabara ya wilaya. Hesabu ya uwezo wa figo ifanywe kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, ambayo haihitaji kumuuliza mtu asili yake. Damu itolewe asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu kreatinini ya mfanyakazi aliyeshinda juani hupanda kwa muda na inaweza kumpa ugonjwa asio nao. Majibu mabaya yarudiwe baada ya miezi 3, kama ufafanuzi wa ugonjwa sugu wa figo unavyotaka. Pale fedha zinapotosha, kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo ni bora kuliko kibandiko, kwa sababu hakidanganywi na mkojo mzito au mwepesi, ingawa nacho hakiuoni mrija. Ikiwa fedha zinatosha kipimo kimoja tu na kijiji ni cha vibarua wa mashamba makubwa katika ukanda wa joto, ningechagua kreatinini na kukiacha kijiti.

Lipo jambo moja ninalowataka watengenezaji walirekebishe. Karatasi ya maelezo inayokunjwa ndani ya boksi mara nyingi husema kwamba kibandiko huhisi albumini zaidi kuliko protini nyingine na kwamba jibu hasi haliondoi uwezekano wa protini hizo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yameandikwa kwa maandishi madogo, kwa lugha ya mtu wa maabara, na anayekishika kijiti kijijini ni mhudumu wa afya ya jamii ambaye hana sababu ya kujua protini hizo nyingine ni zipi. Sentensi inayomfaa ni fupi, nayo ingechapishwa kwenye kichupa chenyewe, kando ya mistari ya rangi anayoitazama kila mara: kwamba figo inaweza kuwa inashindwa ilhali kibandiko hiki ni manjano, na kwamba mtu anayefanya kazi ya shamba juani, au ambaye ndugu zake wamekufa kwa figo, apimwe damu hata kama mkojo wake hauna kitu.